Marashi Juu ya Mlingoti

Mpendwa Baba Esha,

Jana nilitoka eda. Salamu sikupi, kwa kuwa salamu ni ya mtu wa kuitikia, nami muda wote huu wa eda nimekusalimu asubuhi na jioni nikiwa kitandani kwangu, na ulionisikia ni ukuta. Naandika tu. Naandika kwa hati zetu za Kiarabu za chuo cha Kurani, mistari ikipanda na kushuka, na ungekuwa hai na macho yako ungenicheka mpaka adhuhuri.

Wanawake walikuja mapema kunikosha na kunivisha. Binti yetu Esha alivuka kutoka Ndau, akaleta chupa ya marashi aliyoagiza Amu, maana mjane akitoka eda hurudishiwa harufu aliyokatazwa. Akaniuliza, "Mama, mrashi wa baba u wapi?" Nikamwonyesha kwenye kidaka cha ukutani, pale pale ulipouacha. Akaushusha, akaufuta vumbi ile shingo yake ndefu ya kunyunyizia, akautikisa, akaugeuza kichwa chini. Mkavu kabisa. Akasema, "Huu haujatiwa kitu tangu lini?" Aliyeumaliza ni wewe, na ulipoumalizia unapajua.

Watu wa Amu walikujua kwa kofia ulizoshona. Walizivaa Ijumaa na sikukuu, watu ambao hawajawahi hata kukanyaga Pate, na walikuwa wakisema vitundu vya kofia zako ukivihesabu utachoka kabla havijaisha. Lakini mimi niliyelala nawe nyumba moja najua fahari yako haikuwa kofia. Fahari yako ilikuwa mrashi ule wa fedha. Kila maulidi, kasida zikimalizika na taa zote zikiwaka, wewe ndiye uliyeinuka na kupita safu kwa safu ukiwatia watu marashi, ukianza na wapiga matari kwa sababu ndio waliochoka. Baba yako alifanya hivyo, na baba yake kabla yake. Nami dirishani na wanawake wenzangu nilikuwa nikitoa shingo na kuwatambia, huyo wangu huyo. Walinichoka kwa maneno hayo.

Kisha ukaanza kukosa tundu. Ukasema uzi wa siku hizi ni mbovu. Baadaye sindano ikawa ndiyo mbovu, na baadaye tena taa. Nikakwambia bado kunilaumu mimi tu, ukacheka, ukanipa kofia nikutungie uzi. Nikautunga uzi ule, na mwingine, na mwingine, hadi ikawa ndiyo kazi yangu. Siku ulipomwagia chai pembeni mwa kikombe mbele ya wageni, ukasema twende Mombasa kwa daktari wa macho.

Uliingia kwa daktari peke yako. Mimi nilikaa nje na wanawake wenye watoto wao, nikisoma kila dua ninayoijua. Ulipotoka ulikuwa umeshika chupa ndogo ya dawa na uso wako umetulia. Ukaniambia, "Mato yatarudi, Mama Esha. Ataka nitie dawa, nisubiri." Nikaamini. Ningeamini hata ungeniambia amesema utaruka.

Tulifikia kwa binamu yangu Zena, unakumbuka, yule asiyefunga mdomo hata akila. Mchana ule alituhadithia bustani ya mji. Akasema jioni huwashwa taa za rangi, nyekundu mitini, kijani kando ya maji, buluu kwenye njia, na muziki unapigwa, na taa zinaufuata muziki, ukipanda zinawaka na ukishuka zinafifia. Watu wote huenda, akasema, Wahindi, Wazungu, Waswahili, kila mtu. Ukamsikiliza umeacha kula. Ukamuuliza, "Taa na muziki, na watu wamekaa?" Akasema ndiyo. Basi ukageuka kwangu, ukaniuliza mrashi uko ndani ya sanduku gani.

Tuliubeba tangu Pate, kwa sababu hukuwahi kulala mji mmoja na mrashi ukiwa mji mwingine. Zena alitaka kukwambia kitu, nikamkanyaga mguu. Nilijua maulidi hayakuwa, nilijua ni pumbao la serikali na si letu. Lakini ulikuwa na furaha ambayo sikuiona kwako tangu kofia ya kwanza iliyokushinda. Nikasema moyoni, atakwenda, ataona taa, ataona watu hawafanyi hivyo, naye mwenyewe atauficha chini ya joho lake na tutarudi tukicheka. Ukavaa kanzu ya sikukuu. Zena akajaza mrashi hadi shingoni.

Njiani ulishika ukingo wa buibui langu. Ukasema Mombasa magari mengi. Nami kwa ujinga wangu nikaona haya, mume na mke wameshikana barabarani, nikatazama huku na huku kama kuna mtu wa kwetu.

Bustani ilikuwa nzuri, Baba Esha. Hilo silifichi, ingawa siipendi hata kuitaja. Kila mti ulikuwa na taa zake, na maji yalirushwa juu katikati ya birika yakigeuka rangi, na nyasi zote zilikuwa zimejaa watu waliotandika nguo na kula karanga. Tukapata kibaraza cha jiwe, tukakaa. Ukainua uso. Ukasema, "Subhanallah. Tazama hizo nyekundu mitini. Na hizo za kijani kando ya mai. Na ndia yote ni buluu." Nikafurahi kiasi cha kutaka kulia. Nikasema dawa ya daktari inafanya kazi tayari. Sikukumbuka kwamba ulikuwa ukizitaja kwa mpango ule ule wa Zena, na kwamba jioni ile waliokuwa wameweka taa walizibadilisha, za njiani zilikuwa manjano.

Muziki wa kwanza ukaisha. Watu wakapiga makofi. Ukasema, "Wamemaliza. Niwatie marashi kabla hawajaanza tena." Nikatazama nione wapigaji wako wapi ili nikuzuie vizuri, na sikuona wapigaji. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na mlingoti wa chuma, na juu yake sanduku la bati lenye mdomo mpana, na sauti yote ilitoka humo. Nikageuka kukwambia, nawe umeshaondoka. Muziki wa pili ulikuwa umeanza nawe unaufuata, mkono mmoja mbele, mwingine umeshika mrashi, ukipita katikati ya watu na nguo zao na karanga zao. Mmoja alikuambia tazama unapokanyaga. Ulimwomba radhi kwa adabu, uso ukiwa upande mwingine.

Ukafika kwenye mlingoti. Ukasimama mbele yake kama unavyosimama mbele ya watu wa matari, ukasema bismillahi, ukatia marashi kulia, ukatia kushoto. Mlingoti ule ulikuwa umezungushiwa taa ndogo kuanzia chini hadi juu, na zilikuwa na moto. Matone yalipozigusa zikapasuka, moja, kisha ya pili yake, kisha nyingi kwa pamoja, na upande wote ule wa bustani ukazimika. Wanawake wakapiga kelele, mtoto akalia. Watu waliokuwa karibu wakainuka na kukimbia.

Wewe hukugeuza kichwa. Ulisimama gizani ukaendelea kutia marashi, kulia, kushoto, na ule mwanga kidogo uliobaki kwenye miti ya mbali ulinionyesha uso wako ukitabasamu lile tabasamu lako la maulidi.

Ndipo nilipojua. Hukuwa ukiona taa, wala giza, wala mimi. Daktari hakukwambia macho yatarudi.

Vijana wakaanza kucheka. Mmoja akasema mzee wa visiwani anaosha taa. Askari akaja mbio na tochi, amekasirika, akakumulika usoni, na macho yako hayakupepesa. Alikaa nayo hivyo kidogo. Kisha akaiinamisha tochi chini, akanitafuta kwa macho, akasema polepole, "Mama, mpeleke mzee nyumbani." Mungu amjalie, hakusema jingine.

Tulikuwa tumefika barabarani uliponiuliza, "Mbona hawakunena neno? Hata dua?"

"Wamenyamaza kwa heshima," nikakwambia. "Mombasa ndivyo wafanyavyo."

"Na wale walokuwa wakiteka?"

"Walicheka kwa furaha. Harufu imewapendeza."

Kisha ukautikisa mrashi karibu na sikio lako. "Umekwisha," ukasema. "Wameenea wote?"

"Wote wamepata."

Mimi sikukuuliza alichosema daktari, nawe hukunieleza. Tulirudi Pate tukiwa tumekubaliana bila kukubaliana, wewe unaona kidogo na mimi sijui kitu. Dawa niliendelea kukutia kila asubuhi mpaka chupa ikaisha, kisha nikaijaza maji ya kisima nikaendelea. Ulikuwa ukisema, "Yeo yawasha kidogo, ni dalili nzuri." Na mimi nikisema, ndiyo, ni dalili nzuri.

Maulidi yalipofika wazee wa msikiti hawakukutumia mtu. Ulivaa, ukakaa barazani na mrashi mtupu magotini ukingoja waje kukuchukua, kisha ukaupeleka ndani mwenyewe ukipapasa ukuta, ukauweka kwenye kidaka. Ukaenda ukakaa safuni kama mtu yeyote. Kazi ya kutia marashi walimpa mwingine, sitamtaja, ana watoto. Uliporudi ulinipa kiganja ninuse. "Marashi ya mai matupu haya," ukasema, na tukacheka, na ulipokwisha kucheka ukalala na kanzu yako. Hukwenda tena maulidi. Kofia uliyokuwa ukishona ilibaki na sindano yake ndani.

Kilichokubakia kikawa bustani ile. Kila jioni baada ya chakula ulikuwa ukisema, "Nihadithie wale wapijao wa Mombasa." Nami nikakuhadithia. Nikawatia kofia nyekundu. Nikampa mmoja tari kubwa na tumbo kubwa, nikampa mwingine zumari na masharubu. Nikasema yule mnene, matone yalipomfikia, alifumba macho. Hicho ulikipenda sana, kwamba alifumba macho. Wakawa watu wa nyumba yetu. Ulikuwa ukiuliza yule wa zumari kama ameoa.

Kisha mpwa wako Shali akarudi kutoka Mombasa, akakaa barazani kwetu akijigamba kwa yote aliyoyaona. Mimi nilikuwa ndani natwanga. Nikamsikia akisema bustani ile haina wapigaji, ni santuri tu, inapigwa chumbani na sauti inapita kwenye waya hadi juu ya mlingoti, na washamba wa bara humtafuta mwimbaji nyuma ya chuma. Mchi ukabaki juu mkononi mwangu. Nikangoja. Ukasema, "Ahaa. Dunia ina mambo." Ukamwuliza habari za mama yake kule Mkokoni.

Jioni ile nilikupa chakula. Ukala ukamaliza, ukanawa, ukajinyoosha. Ukasema, "Mama Esha, yule mnene wa tari, usiku ule alivaa kofia gani?"

Nikakwambia alivaa moja ya zako.

"Ilishonwa zema?"

"Zema sana," nikasema. "Hata vitundu havikuhesabika."

Ukanishika mkono, na hukuuachia mpaka usingizi ulipokuchukua. Baada ya hapo hukuuliza tena. Homa ikaja msimu uliofuata, nayo haikukaa siku nyingi.

Sasa nikueleze ya jana ndiyo niache. Wanawake walipotaka kunitia marashi niliwakatalia. Nilisema nina kazi nayo. Esha akayamimina yote kwenye mrashi wako, hadi shingoni, nikajifunika nikatoka, na siku zote za eda nilikuwa nikidhani nikitoka mlango ule pumzi itanirudia. Haikunirudia. Njia ni zile zile, mashamba ya tumbaku ni yale yale, watu wananiamkia Bi Mama Esha na kuniombea subira, nami naitika amina, na amina ile inaishia mdomoni. Wananiambia tutakutana, mimi nawe, akhera. Huenda. Mimi nimechoka leo, na kesho siioni ina nini ndani yake.

Nikafika kwako. Sikuwapo ulipozikwa, wanawake hatwendi, kwa hiyo ndiyo mara ya kwanza nakuona ulipolala. Ni mchanga na jiwe la kichwani. Nikasimama mbele yake kama unavyosimama wewe. Nikasema bismillahi, nikatia marashi kulia, nikatia kushoto, mpaka mrashi ukaisha. Mchanga ukayanywa. Pale palipokuwa na maji pakakauka nikipatazama.

Nikangoja. Hukunena neno.

Wewe ulikuwa na mtu wa kukwambia kuwa wamenyamaza kwa heshima. Mimi nilikuwa na Esha, amesimama nje ya ukuta wa makaburi na mtoto wake. Akaniambia, "Mama, twende. Yua kali."

Nikamfuata.

Mkeo uliyemwachia mrashi,
Mama Esha