Hatua ya Cherehani

Kampasi ya Kilimo,
7 Oktoba

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo! Hujambo huko Kampasi Kuu? Mimi buheri wa afya, ila simu yangu imezama kwenye ndoo ya kufulia na haifufuki tena. Barua hii ataileta Breki, dereva wa basi la chuo linalozunguka kampasi zote.

Dada weee, huku raha! Ng'ombe wa mafunzo wanatuamsha alfajiri, lakini ikifika Jumamosi hakuna anayewakumbuka. Getini kuna baa. Mwenyewe tunamwita Mzee Soda, maana anauza bia na yeye hanywi. (Mama asijue: nimeonja povu tu!) Jana muziki ulipokolea, mguu ukaniwasha, nikacheza hatua ya baba, ile ya cherehani. Mguu kwenye pedali, polepole, halafu mbio! Baa nzima ikasimama. Papo hapo wakanichagua kwa shindano la kampasi zote, litakalofanyika kwenye baa ya kwenu, Jumamosi ya kwanza ya Novemba.

Mwenzangu ni binti anayesomea mifugo, tunamwita Daktari wa Mbuzi. Pedali anaiweza, ila sehemu yako ya kuvuta kitambaa inamshinda kabisa. Njoo umfundishe, dada! Tangu msiba wa baba hujacheza hata mara moja.

Mdogo wako.

Kampasi Kuu,
10 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo, majaribio tu ndiyo yananinyoa bila maji.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, ikabidi nikae. Hatua ile si ya baa. Baba aliicheza kwenye kibanda chake, akimaliza nguo ya mteja, mimi na wewe tukiwa sakafuni kwenye vipande vya vitambaa. Alicheza na sisi, basi. Leo hata mwaka haujaisha, unawamwagia walevi? Na sehemu yangu unampa Daktari wa Mbuzi?

Siji. Na mkiicheza hapa kwetu, usiniite dada tena. Nimekasirika na sifichi.

Dada yako.

Kampasi ya Kilimo,
28 Oktoba

Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nimeandika na kuchana, nimeandika na kuchana, mpaka Breki ananiuliza kama nimekatwa mikono.

Hatua tumeitoa. Mzee Soda kanuna, wenzangu wanasema bila cherehani tumekwisha. Na waseme. Ila katika wimbo wetu mahali pake bado pako wazi, na hatujapata cha kupachika.

Sikuicheza kwa kumsahau baba, dada. Siku ile nilimkumbuka, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike sikulia. Nilifurahi mno, nikataka kila mtu aone.

Jumamosi njoo, hata ukae nyuma kabisa. Usipokuja nitaelewa, lakini nitaumia.

Mdogo wako.

Kampasi Kuu,
4 Novemba

Mdogo wangu, mshindwa mwenzangu,

Hujambo? Kiuno je? Changu leo hakikunjuki!

Breki na honi yake hakutupa nafasi hata ya kusalimiana, kwa hiyo acha nikueleze hapa. Nilikuja na hasira zangu, nikaagiza soda, nikakaa karibu na jiko. Nikasema nitatazama tu. Wimbo ulipofika pale mahali pa cherehani, mkasimama. Ngoma inapiga, na ninyi mmesimama tu! Watu wakaanza kuzomea. Mimi nikatazama chini ya meza, nikaona mguu wangu unakanyaga pedali. Haki ya Mungu, sikuutuma!

Nilivyofika katikati sijui. Najua tu uliniona, ukainamisha kichwa kama baba alivyokuwa akitunga uzi, na mimi nikashika kitambaa kisichokuwepo nikavuta. Lo! Wa kwenu wanapiga kelele, wa kwetu wanapiga meza! Waamuzi wakatutoa kwa kuchanganya kampasi. Wangetutoa mara kumi, nisingejali.

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Asubuhi nimempigia mama, nikamweleza yote. Akauliza, "Mlianza polepole, kama yeye?" Nikamwambia ndiyo, mama, polepole, halafu mbio.

Nisamehe maneno yangu. Jumamosi napanda basi la kwanza kuja huko. Mwambie Daktari wa Mbuzi avae viatu vyepesi: kitambaa kinavutwa kwa mikono miwili, nami nitamshika mkono mpaka aweze.

Dada yako.