Kizibo cha Injini Yako

Shemeji yangu, mume wa dada,

Huko Jinja hamjambo? Mimi mzima, na hapa Uswidi, Farsta nzima bado hakuna mwanamume mzuri kunishinda. Barua hii nimeomba isomwe kwanza mbele ya watu wetu tunaokutana nao hapa kila Jumapili, ndipo itumwe. Uliaibika mbele yao.

Unakumbuka boti yetu, ulipokuwa ungali huku. Wewe fundi, mimi nahodha, ingawa nahodha mwenyewe nilitapika hata ziwa likilala kama uji uliopoa. Oktoba ile ulipoilaza injini ipumzike majira yote ya baridi, ulifungua kizibo cha chini ukamwaga maji yote ya kupozea, mpaka tone la mwisho. Ukasema, "Shemeji, nawahi kazini. Rudishia kizibo, funika turubai. Usiguse kingine."

"Unamfundisha nani?" nikakujibu. "Mimi nimezaliwa na spana mkononi."

Ulipoondoka nikaitazama injini, haina kitu ndani, nikaona haya. Mama alitulea hivi: chombo hakirudishwi kitupu. Ukiletewa bakuli la mboga, lirudishe hata na ndizi mbili. Sasa boti si chombo? Nikafunga kizibo, nikachota maji ziwani, nikaijaza injini mpaka juu. Nikajipongeza.

Jirani yetu Mswidi akapita, akaigonga injini. "Tom?" Nikamwambia Tom hayupo, amwulize kwingine. Akaniangalia, akaenda zake. Juzi tu ndipo nimejua "tom" kwao maana yake tupu. Mzee wa watu alikuwa anauliza kama maji yametoka.

Barafu ilipoyeyuka tukaita watu wote, na pilau juu. Ukafunua turubai. Maji yalikuwa yameganda humo ndani yakakipasua chuma, ufa wa kuingia kidole. Mimi nikajua palepale. Wewe ukanitazama kidogo, ukawageukia watu: "Nilisahau kumwaga maji. Kosa langu."

Nami, kwa ulimi wangu huu, nikasema, "Fundi gani huyu? Mpeni sufuria aoshe." Walicheka mpaka pilau ikawapalia. Wewe uliosha kweli, zote.

Mpaka leo sijui. Ulijitilia shaka, au ulinisitiri?

Dada ameniandikia kwamba watu wanakuletea injini huko unazikataa. Unawaambia, "Mimi si fundi." Hapo ndipo utani uliponiishia, shemeji. Mikono ile nimeiua mimi.

Mwaka huu nimepata injini nyingine, kuukuu kama mimi. Leo nimeilaza mwenyewe. Nimemwaga maji, nimekaa juu ya ndoo nikingoja tone la mwisho. Kizibo sikukirudishia. Kimo humu kwenye bahasha, maana hata bahasha haiendi tupu. Mtu akikuletea injini, mwonyeshe hicho, umwambie aliyeharibu ni shemeji yako, na yeye mwenyewe amesema mbele ya watu.

Injini nitaiacha wazi hivyo hivyo. Ukija uifunge, na unitukane kwanza. Nitakaa kimya, utashangaa.

Msalimie dada.

Shemeji yako,
Tom (kwa Kiswidi, si jina)