Kifuniko cha Injini Ndani ya Mahari Yangu

Ntalikwa, Tabora
14 Agosti, 1953

Kaka yangu mpendwa Sylvester,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute mzima huko Morogoro, na kile kikohozi cha vumbi la stesheni kiwe kimekuachia. Sisi huku miili haijambo. Mama anakusalimu, na anauliza kama yale matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, tuliyompa mtu wa reli yalikufikia au aliyamaliza njiani. Karanga tumevuna, na asali ya mwaka huu ni ya kumshukuru Mungu. Baada ya hayo, tafuta mahali ukae, maana mdogo wako ana hasira, na hasira yenyewe inakuhusu na wewe.

Unajua kwamba lori la Baba, lile kuukuu la jeshi, linaendeshwa na Raymundi, kijana wa Tura aliyenichumbia. Mwezi wa sita alikuwa anatoka kwao na magunia ya karanga, mafuta yakamwagika juu ya injini, moshi ukamziba macho, akasimama porini. Kilichopasuka ni kifuniko kinachokaa juu kabisa ya injini, mafundi wanakiita tapeti kava. Kaka, ni kitu cha kuweka mapajani kama sinia. Hakizunguki, hakisukumi chochote, kazi yake ni kufunika tu. Baba alipokwenda gereji moja pale Kanyenye akaambiwa kipya hakipo Tabora nzima, mpaka kiagizwe Dar es Salaam, ambako nako wanakitoa Ulaya. Ukijumlisha nauli ya treni, gasketi ya kuzuia mafuta yasivuje chini yake, mafuta mapya na mkono wa fundi, ni shilingi mia moja na arobaini.

Mia moja na arobaini kwa kifuniko! Nilipokwenda mjini kuuza nta nilipita kumuuliza fundi mwenyewe kama wamekitia dhahabu. Akanijibu kwa upole kwamba bei hapangi yeye, na kwamba bila kifuniko hicho injini italishwa vumbi lote la barabara ya Tura. Nikaondoka nimenuna. Kwa fedha hizo mtu ananunua ng'ombe jike na chenji inabaki.

Baba alilipa. Kisha akaanza kumweleza kila apitaye kwamba Raymundi analiendesha lori kama mtu anayefukuzwa na askari, ndiyo maana kimepasuka. Raymundi akaendelea kupakia magunia. Mimi nilimtetea mpaka Mama akanikanyaga mguu.

Jumamosi iliyopita wazee wa Tura walikuja kumaliza mahari, wakiongozwa na mjomba wake Raymundi, Mzee Masolwa. Walikuja na wale ng'ombe sita tuliopatana tangu Pasaka, wakaingizwa zizini kwetu. Najua ulikuwa unawahesabu ukiwa huko huko, kwa kuwa ndio wa kupelekwa kwa kina Imakulata ili nawe uoe. Nilikuwa nimepiga magoti na birika la maji ya kunawa, nikamsikia Baba akisema limebaki jambo dogo. Akasema ng'ombe wa saba ni wa tapeti kava, kwani aliyekivunja ndiye huyo huyo anayeoa, na yeye Baba hawezi kutoa binti na kifuniko kwa mkupuo mmoja.

Nilidhani watashangaa. Thubutu! Walianza kupunguziana bei. Mmoja akasema ndama anatosha, mwingine akataka iwe mbuzi watatu kwa kuwa kile kilichopasuka kilikuwa kimekwisha kuchakaa. Mimi nipo pale pale, maji yananimwagikia magotini, napangiwa bei pamoja na chuma cha injini. Mwisho Raymundi akainamisha kichwa, akasema anakubali kutoa ng'ombe wa saba. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira kweli kweli, tena na yeye.

Basi nikasema. Mbele ya wazee wote, kaka, na birika mkononi. Nilisema kwamba siku mbili kabla ya safari ile mafuta yalikuwa yanavuja kidogo, na Baba, ili asinunue gasketi, alichukua spana kubwa akakaza nati mpaka kifuniko kikalia, kikapata ufa. Aliponiagiza kipande cha nta nikampelekea, nikamwona kwa macho yangu anaziba ufa kama anavyoziba kibuyu. Nta ilipopata joto la injini ikayeyuka, na mafuta yakafuata.

Mzee Masolwa akamgeukia Raymundi, akamuuliza kama alijua. Raymundi akajibu kwamba alisikia harufu ya asali hata kabla ya kufungua boneti, lakini mkwe hafichuliwi. Mzee Masolwa akanawa mikono, akasimama, hakugusa chakula. Walipoondoka waliondoka na ng'ombe wao wote sita. Ndiyo habari niliyokuwa naizunguka tangu mwanzo wa barua: ng'ombe wako wa kuolea wamerudi Tura, na aliyewafukuza ni mimi.

Tangu siku hiyo Baba hali ninachopika. Mama anasema ningemwambia faraghani. Nilimwambia, kaka! Jioni ya kuamkia Jumamosi ile nilimfuata zizini nikamsihi asimsingizie mtoto wa watu, akanijibu kwamba mambo ya injini siyajui. Imakulata nimemwendea mwenyewe nikamweleza. Alilia, kisha akaniuliza kama kweli injini ilinukia asali, tukacheka mpaka mama yake akachungulia. Yeye anasema atakungoja, lakini baba yake hana subira hiyo.

Raymundi ameleta ujumbe kwamba mjomba wake atarudisha ng'ombe siku Baba atakapotamka kwa kinywa chake nani alikaza nati. Baba hatamki. Sasa ukoo wote umenigeukia, unanitaka niende Tura nikapige magoti, niseme macho yangu yalinidanganya. Nikisema hivyo, keshokutwa ng'ombe wako wako zizini, na kabla ya Noeli una mke. Nimelifikiria hilo kwa ajili yako, usidhani sikulifikiria, na sitakwenda. Ukiweza kupata likizo njoo uzungumze na Baba, wewe kifungua mimba wake huenda akakusikia. Usipoweza, nikasirikie. Kwa ng'ombe wako nasikitika sana, kaka. Kwa mdomo wangu sisikitiki hata kidogo.

Wasalimu jirani zako wote wa kota za reli, nawe ujifunike vizuri usiku, kikohozi kisirudi. Mama anasema ule.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado niko nyumbani,

Apolinaria