Rangi Mbichi

Kibondo, 24 Novemba 2024

Mwanangu Akimana,

Hujambo huko Kasulu? Mimi mzima, ni goti tu linalosumbua kwa mvua hizi. Simu imeingia maji, ndiyo maana barua hii nampa kondakta.

Unazikumbuka taa za Krismasi alizonunua marehemu mume wangu Bazilio, mwaka ule tulipopata uraia wa Tanzania? Balbu zote arobaini zinawaka, ila rangi imepauka kabisa. Leo kikaoni Nsabimana, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, kasema zitupwe. Nikasema nitazipaka rangi upya. Akacheka mbele ya akina mama wote! Kasema nikiweza, atapanda ngazi mwenyewe kuzitundika kanisani.

Bazilio alizitundika kwa mkono wake kila mwaka mpaka anakufa. Hazitupwi mimi nikiwa hai. Wewe saluni unapaka watu kucha. Nitumie rangi itakayoshika kwenye kioo.

Shangazi yako,
Immakulata

Kasulu, 28 Novemba

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi sijambo, wateja ndio hawanipi nafasi ya kukaa.

Bosi wangu Mwamvua alipoisikia habari yako alifungua kabati akatoa chupa ishirini za rangi ya kucha. "Mpelekee mama wa kanisa," kasema, "na huyo mwenyekiti aanze kujifunza kupanda ngazi!"

Osha balbu, zikaushe, upake mara mbili. Jambo moja tu: rangi mbichi usiiwashe, itaungua.

Mwanao,
Akimana

Kibondo, 12 Desemba

Mwanangu,

Salamu. Afya ninayo, uso wa kuwatazama watu ndio sina.

Nilifuata maneno yako yote. Nilikuwa nimeshapaka balbu kumi rangi mbichi nilipoisoma barua tena, nikazifunga kwenye kitenge nikazificha kabatini. Nyingine thelathini nilipomaliza kuzipaka tu, nikawasha nizione. Zikafuka moshi! Rangi ikatokota ikawa nyeusi tii. Nsabimana alikuwa anapita, harufu ikamfuata mpaka barabarani, na sasa mtaa mzima unajua.

Kama rangi mbichi ni mbaya, mbona uliniwekea chupa nane? Na mbona zimeungua nyekundu na bluu?

Shangazi yako

Kasulu, 14 Desemba

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu ndipo nikaelewa, nikacheka mpaka machozi. Nisamehe! Umenisoma kwa Kiha. Nyumbani mbichi ni kijani, kama majani. Mimi nilimaanisha rangi ambayo haijakauka. Nimekaa mjini mpaka nimesahau tunavyosema kwetu. Kosa ni langu.

Hizo kumi za kabatini zimeshakauka vizuri, ziko tayari. Zilizoungua zifute kwa dawa hii ya kuondolea rangi ya kucha. Rangi nyingine hapa zimekwisha, lakini za kijani unazo. Paka zote kijani! Kisha siku tatu usiziguse, Shangazi. Tatu.

Akimana wako

Kibondo, 26 Desemba

Mwanangu Akimana,

Heri ya Krismasi! Goti limepona, au nimelisahau tu.

Nsabimana kapanda ngazi! Kapanda na suruali yake ya sikukuu, sisi akina mama tumemshikia ngazi huku tunamwimbia. Jioni kabla ya misa tukawasha. Kanisa zima lilikuwa kijani, kama shamba la maharage mwezi huu. Vigelegele vilivyopigwa, sijawahi kusikia. Paroko akauliza nani kachagua rangi nzuri hivyo, Nsabimana akajibu haraka: "Sisi kamati!" Nimecheka, mwanangu, nimelia pia. Nilimwona Bazilio wangu pale juu ya ngazi.

Msalimie sana Mwamvua. Nsabimana katundika balbu thelathini na tisa. Ya arobaini ni hii niliyoifunga kwenye kitenge, muitundike hapo saluni.

Ni mbichi, lakini imekauka. Iwashe.

Shangazi yako,
Immakulata