Joto la Mtoto Chini ya Bashi

Mama Spès mupendwa wa redio yetu, sasa hivi mutoto yangu Moubarak ametia kidole kwenye tundu ya bashi ya gari, kikatoka nje, ukungu ukakilowesha, akakirudisha ndani akakiangalia kabisa kama mutu anayeletewa habari ya ajabu, kisha akakiweka mudomoni na kunichekea na yale meno yake mawili, basi nikasema leo naandika, maana mi nasoma kidogo tu, niliishia la sixième, darasa la sita, lakini wewe unatusikiliza hata sisi, kwa hiyo unisamehe mwandiko na naomba unisaidie.

Mi ni mama wa Buyenzi. Bwana yangu Rachidi ana gari ya jipu ya zamani, juu haina bati, iko na bashi tu, ile turubai ya kijani, na tunapanda nayo mulimani Bugarama pamoja na convoy, ule musafara wa magari unaolindwa na askari, tunaleta karoti na viazi Bujumbura, na mi ndiye ninayenunua, kwa sababu Rachidi hajui kubishana, mama akimutajia bei ya kwanza yeye anasema asante. Zamani tulikuwa tunapanda na kushuka siku moja. Sasa na hii vita tukifika huku juu tunangoja askari waseme barabara iko sawa, na mara nyingi tunalala humu humu ndani ya jipu. Bujumbura tunatoka na jasho, lakini Bugarama mwezi huu wa saba baridi inakukuta hata ukivaa nguo zako zote. Na Moubarak bado ananyonya, siwezi kumuacha nyumbani.

Baridi ilikuwa nusu ya shida, nusu nyingine ni kelele. Bashi ikishikwa na upepo inapiga pa-pa-pa-pa, na Moubarak amezaliwa siku za milio ya bunduki, akisikia hivyo anajikunja muzima kama ngumi. Siku moja tunashuka, bashi ikapiga, watu wa lori ya nyuma yetu wote wakalala chini juu ya viazi. Askari akaja mbio, akaangalia bashi, akaniangalia mi, akasema, "Mama, hii gari yako inapiga kuliko sisi wote. Muifunge ao muilete jeshini." Watu wakacheka, lakini mutoto alilia mupaka sauti ikakatika.

Habari ikafika kwa mama mukwe, Bibi Sijaona. Akaniita, akasema bila kunigombeza, "Mukaza mwana, gari si kitanda. Niachieni mujukuu, umuachishe ziwa, mi nitampa uji." Rachidi alinyamaza, na Rachidi akinyamaza ujue amekubali. Mama Spès, nililia jikoni, kisha nikatafuta sindano.

Nilikata mipira ya ndani ya magurudumu, nikafanya kamba, nikavuta ile bashi mupaka ikakaza kama ngoma. Ndani nikashonea blanketi mbili za zamani na juu yake magunia ya karoti. Matundu nikaziba na vitambaa na sabuni. Kelele ikaisha! Rachidi aliingia akakaa, akasikiliza, akaniambia, "Hayat, nani amezima upepo?" Sijasikia neno tamu kama hilo tangu siku ya ndoa.

Ikabaki baridi. Hapo nikaleta mbabura, lile jiko letu la makaa. Na mi si mujinga, siingizi moshi kwa mutoto, naiwasha nje, nangoja makaa yaive yote yawe mekundu, moshi ikiisha kabisa ndipo naiingiza na nafunga bashi. Joto linakuja unafikiri uko nyumbani. Na Moubarak, ambaye alikuwa ananiamsha kila wakati, sasa analala, analala tu, hata asubuhi nikimupa ziwa analiacha linamutoka mudomoni na shingo imelegea kwa usingizi, mudomo wake mwekundu muzuri. Ni sisi wakubwa ndio hatujazoea baridi ya mulima, tunaamka kichwa kinagonga, na leo asubuhi Rachidi ameshuka na kutapika kando ya barabara, Danielle muuza karoti akapiga makofi, "Ehee Rachidi! Hii mimba ya pili umeibeba wewe?" Tumecheka sana.

Basi nina matumaini. Nataka Bibi Sijaona aone kama mutoto yuko salama na mi, na ziwa simuachishi mupaka atembee. Lakini yeye ni mama ya bwana yangu na amenilea vizuri, nitamwambia vipi bila kumuvunjia heshima? Leo tunalala hapa tena, gari ndogo zimeambiwa zingoje kesho. Barua hii nampa Akilimali wa lori ya viazi, wao wanashuka sasa, huyo anapiga honi, anapiga kelele, "Mama Moubarak, unaandika barua ao Kurani? Lete, askari hawangoji!" Kwa hiyo nafupisha, imebaki ile tundu moja tu ya kidole, baridi inapita hapo, nimeshapata kipande ya mupira, na leo nikimaliza kuingiza mbabura nita

*

Mama Moubarak, barua yako haikuisha, na mimi Mama Spès sitangoja mwisho wake. Akilimali ameniletea mkononi mchana huu, nimeweka za wengine kando. Kama una redio hapo Bugarama, usinisikilize kwanza. Toa mbabura. Fungua bashi mbele na nyuma. Mchukue mtoto, mtoke wote nje. Ukimaliza rudi usikilize, utanikuta bado nagomba.

Umetoka? Haya.

Makaa yakiiva moshi unaisha, hiyo ni kweli, na ndiyo inayotudanganya wote tunaopikia mbabura. Yale makaa mekundu yanatoa hewa mbaya ambayo huioni, huinusi, haikukohozi. Nje upepo unaichukua. Wewe umeifungia ndani na mtoto wako, tena umeifungia kwa ufundi, maana ulishona vizuri. Kichwa chenu kinachogonga, ni hiyo. Rachidi kutapika, ni hiyo. Baridi ya mlima msiisingizie. Na Moubarak hakuwa analala, mama. Mtoto mwenye njaa ya asubuhi haliachi ziwa likamtoka mdomoni. Alikuwa anazimia taratibu mikononi mwako na wewe unamshukuru Mungu kwa usingizi wake. Hiyo tundu ya kidole uliyotaka kuiziba, labda ndiyo iliyomrudishia pumzi.

Usilie sasa, utalia kesho. Sikugombi kama mtu asiyependa mtoto wake. Jirani yangu Pascaline alifunga mlango hivyo hivyo siku za mvua, na makaa hivyo hivyo, yasiyo na moshi. Yeye peke yake aliamka. Siwezi kuendelea na habari hiyo kwenye redio.

Leo hii, hata ukimwona Moubarak anacheka, mpeleke kwa muuguzi hapo hapo juu, umweleze neno kwa neno: makaa, bashi iliyofungwa, mtoto analegea. Na wewe na Rachidi pia awaangalie. Mkimwona ni mzito kuamka, msingoje convoy ya kesho. Nenda kwa yule askari aliyekutania, umwambie mtoto anakufa. Ana gari, na ana mama yake pia.

Ukishatoka kwa muuguzi, kazi yako ya sindano usiibomoe. Kamba za mpira zibaki, blanketi na magunia yabaki, kelele umeishinda na nakupa heshima yako. Lakini fungua nafasi mbili za kupitisha kiganja, moja chini huku nyuma, nyingine juu kule mbele, na zisizibwe hata mvua ikinyesha. Joto utalipata bila moto. Mbabura ikae nje kabisa, mbali na jipu, chemsha maji juu yake, yatie kwenye bidon ndogo, kile kidumu cha maji, funga vizuri, zungushia kitenge, weka kwenye matandiko kabla ya mtoto. Usimbandike nayo kwenye ngozi. Chini pia uweke magunia, kwa sababu lile bati la sakafu linavuta baridi kuliko bashi yenyewe. Kisha mvalishe kofia, mtie kifuani mwako ndani ya nguo, Rachidi awafunike nyote wawili. Kifua cha mama hakihitaji makaa.

Ziwa usimwachishe. Bibi Sijaona amekosea hapo, lakini kwenye gari hakukosea, na inabidi umwambie hivyo. Ukishuka, nenda kwake kabla hajasikia haya sokoni. Kaa chini, mweleze habari ya mbabura wewe mwenyewe, usiipunguze. Atapiga kelele, mwache apige, ni haki yake. Akichoka mwambie, "Mama, nisaidie niweze kusafiri naye vizuri." Mwombe amfumie mjukuu sweta ya sufu. Mwanamke aliyeita mtoto akae kwake hatakataa kumvalisha. Na wewe Rachidi, siku hiyo usinyamaze. Mke wako amelia peke yake jikoni, hiyo inatosha mara moja.

Sasa naongea na nyinyi wengine, madereva mlioambiwa mngoje juu, mnaonisikia redio zikiwa dirishani. Mimi sijui kama huyu mama ana redio. Jioni haijaingia, bado mnaona. Tafuteni jipu ya zamani yenye bashi ya kijani iliyokazwa na mipira myeusi. Hamtaisikia, inabidi muitafute kwa macho. Danielle wa karoti, kama upo, acha karoti. Mkiikuta imefungwa, mgonge. Wasipoitika, msirudi nyuma kwa adabu, eti mtu na mke wake wamepumzika. Kateni zile kamba. Mtoeni mtoto, mpelekeni kwenye upepo, mwamsheni, msugueni miguu. Na akianza kulia, mtu asimnyamazishe.