Noti ya Juu Iliyokusanya Majirani

Jumamosi, Basotu

Aibu! Mpaka sasa uso unaniwaka.

Mwalimu wetu wa opera ana neno moja tu kwangu: "Sauti nzuri, lakini haifiki viti vya nyuma." Sisi wanafunzi wake hatupewi maiki. Jumatatu nikirudi chuoni anachagua wa kuimba peke yake, na nikishindwa tena...

Basi leo alasiri nilisimama nyuma ya zizi la nyumbani nikaachia noti ya juu kwa nguvu zote. Nikairudia. Nilisahau kwamba huku kwetu ukelele kama ule maana yake ng'ombe wameibiwa.

Majirani wakaja mbio na fimbo. Mama anaomba radhi huku anacheka, mimi natoa shikamoo nikiangalia chini. Mzee Gidabasi alikuwa anahema.

"Marahaba. Wezi wako wapi?"

"Hakuna, baba. Nilikuwa naimba."

"Kuimba! Nimekimbia kutoka ng'ambo ya shamba la ngano kwa sababu ya wimbo?"

Nikaomba msamaha. Alipoondoka ndipo nikashtuka. Ng'ambo ya shamba la ngano! Trekta likilima kule, hapa nyumbani hatulisikii.