Jambazi wa Chini ya Cherehani

Jumatatu, 3 Juni
Yule paka wa mtaani aliyezalia chini ya cherehani yangu haonekani tena. Watoto wake watatu wamejibanza nyuma ya majora ya vitambaa. Leo tajiri, mwenye karakana, kaingiza mkono awatoe. Katoka na damu! Hasira hizo! Kasema watakaoshikika wabaki, wafukuze panya. Wasioshikika, Jumamosi fundi wa pasi awatie guniani akawatupe mbali. Nikaropoka: watashikika wote! Mdomo wangu huu.

Jumanne, 4 Juni
Nimezima mashine, nimevua viatu, nimelala kifudifudi na kisahani cha samaki. Hata sharubu sikuona. Mama Vifungo, jirani yangu wa meza, kacheka mpaka kadondosha sindano. Eti nimekwenda kuposa? Nimemwambia ashone vifungo vyake.

Alhamisi, 6 Juni
Asubuhi nimewanyamazisha mafundi wote, hata redio. Bure. Kadiri tunavyonyamaza, ndivyo wanavyojibana ukutani. Yule wa kijivu, namwita Jambazi, kanikwaruza shavu. Nimelia kidogo. Nawapenda, basi.

Mchana oda ya sare za shule ikanibana. Nikasema potelea mbali, nikashona. Mashine yangu kuukuu, kelele zake utadhani inakoboa mahindi. Mara — kitu laini kwenye kifundo cha mguu! Wa madoa! Nikasimamisha mguu, akatoweka. Nikakanyaga, akarudi, na mweupe nyuma yake!

Mjinga mimi! Wamezaliwa chini ya kelele hii. Kimya ndicho kinachowatisha!

Ijumaa, 7 Juni
Wawili mkononi! WAWILI! Mama Vifungo anakanyaga, mimi nalisha. Tumekuwa tukipunguza mwendo kidogo kidogo, na jioni mashine ikazimwa kabisa, wao wanakoroma tu kwenye aproni yangu. Mama Vifungo kajifuta macho, anasingizia vumbi la kitambaa.

Jambazi bado. Anakula akiwa mbali, ananitazama kama mdai.

Jumamosi, 8 Juni
Daftari liko juu ya meza ya mashine. Mguu unakanyaga, mkono unaandika. Kitambaa hakuna, sindano inachoma hewa. Jambazi YUKO PAJANI! Kapanda mwenyewe!

Fundi wa pasi kafika na gunia. Tajiri nyuma yake. Nimemwambia asimame hapo hapo — mimi, kumwamrisha tajiri! Na kasimama.

Kasema hiyo haihesabiki, nizime mashine tuone. Lakini kasema kwa kunong'ona. Fundi wa pasi kalikunja gunia, kalikalia.

Napunguza mguu. Polepole. Mama Vifungo kashika kichwa.

Mashine imesimama. Kimya.

Jambazi kafungua jicho moja. Makucha yameshika aproni. Hajashuka. Tajiri anakuja kwa ncha za vidole, kanyoosha mkono ule ule uliotoka damu, sasa una plasta, ampapase —